Blokcheni haitunzi siri, lakini inaweza kuwabana wanaoitunza

Blokcheni, yaani daftari la kidijitali lisilofutika ambalo nakala zake ziko kwenye kompyuta nyingi, haifichi kitu. Iliundwa ili kila mtu aone. Satoshi Nakamoto alipotoa waraka wa sarafu ya kidijitali ya Bitcoin mwishoni mwa Oktoba 2008, dawa aliyoileta kwa tatizo la mtu kutumia sarafu moja mara mbili ilikuwa kuanika malipo yote hadharani: kila nodi, yaani kila kompyuta ya mtandao huo, iwe na nakala ya daftari zima, na kila mmoja akague mwenyewe. Majina hayaandikwi, kweli. Lakini anwani zinaandikwa, kiasi kinaandikwa, saa inaandikwa, na hakuna kinachofutwa. Agosti 2016 wezi walichota karibu Bitcoin 120,000 kutoka Bitfinex, soko la kubadilishana sarafu za kidijitali. Februari 2022, miaka mitano na nusu baadaye, serikali ya Marekani ilitangaza kuzikamata zaidi ya 94,000 kati ya hizo. Wachunguzi walikuwa wamefuata mkondo wa malipo hatua kwa hatua kwenye daftari lile lile ambalo yeyote mwenye intaneti anaweza kulifungua na kulisoma.

Ndiyo maana kila nikisikia "tuziweke kwenye blokcheni ziwe salama" nashtuka. Niliwahi kukaa kwenye kikao ambacho ajenda yake ilikuwa kuhamishia rekodi za wagonjwa huko. Waliolileta wazo walikuwa na nia njema kabisa. Walichoka kuona data imerundikwa kwenye seva ya kampuni moja, ambayo ikivamiwa wote wameumia, na ambayo mwenyewe anaweza kuchungulia humo apendavyo bila mtu kujua. Uchungu huo naujua na ninauheshimu. Ila dawa waliyoileta ni ya ugonjwa mwingine. Blokcheni inazuia data kuchezewa, haizuii kuonekana. Ukiweka rekodi ya mgonjwa kwenye daftari ambalo nakala zake ziko kwenye maelfu ya mashine duniani, umehakikisha hakuna atakayeibadilisha. Umehakikisha pia kwamba hakuna atakayeweza kuifuta, hata mgonjwa mwenyewe akiomba kwa machozi.

Wapo wanaojibu: basi tutaondoa majina. Hilo nalo lilishafanyiwa majaribio na likashindwa. Mwaka 2000 mtafiti Latanya Sweeney alionyesha kwamba asilimia 87 hivi ya wakazi wa Marekani wanaweza kutambuliwa mmoja mmoja kwa vitu vitatu tu: tarehe ya kuzaliwa, jinsia na namba ya eneo la posta. Kabla ya hapo, akiwa bado mwanafunzi wa chuo kikuu cha MIT, alikuwa amechukua data ya matibabu ya wafanyakazi wa serikali ya jimbo la Massachusetts, data iliyotolewa bila majina, akailinganisha na daftari la wapiga kura na kuitoa humo rekodi ya gavana William Weld. Kufuta jina kunamzuia mtu asiye na haja. Mwenye haja hapati shida.

Kwa hiyo swali linalonishughulisha ni jingine kabisa. Je, inawezekana kupata jibu kutoka kwenye data bila mtu yeyote, hata anayefanya hesabu, kuiona data hiyo? Jibu ni ndiyo, na limejulikana tangu kabla blokcheni haijazaliwa. Nitalionyesha kwa namba, kwa sababu bila namba linasikika kama mazingaombwe.

Chukua hospitali tatu zinazotaka kujua kwa pamoja ni wagonjwa wangapi wamepata madhara ya dawa fulani. Ya kwanza ina 41, ya pili 17, ya tatu 88. Hakuna inayotaka wenzake waijue namba yake. Tunakubaliana kuhesabu kwa mzunguko wa 1,000: jumla ikizidi 999 tunatupa maelfu na kubaki na tarakimu tatu za mwisho. Hospitali ya kwanza inachagua namba mbili za kubahatisha, 612 na 350, kisha inatafuta ya tatu itakayofanya jumla iwe 41. Ni 79, maana 612 na 350 na 79 ni 1,041, na elfu ikitupwa inabaki 41. Vipande hivyo vitatu vinakwenda kwa seva tatu tofauti, kila seva kipande kimoja. Hospitali ya pili inaigawa 17 yake kuwa 205, 940 na 872. Ya tatu inaigawa 88 kuwa 731, 418 na 939.

Sasa kaa upande wa seva ya kwanza. Mkononi ina 612, 205 na 731. Hata ikizikodolea macho mwaka mzima haitaambulia kitu, na si kwa sababu hesabu ni ngumu mno: habari yenyewe haimo. Kwa kipande cha 612, namba ya hospitali inaweza kuwa yoyote kuanzia 0 hadi 999, zote kwa uwezekano ule ule. Kompyuta yenye nguvu kuliko zote duniani haiwezi kufukua kitu ambacho hakikuzikwa hapo. Ila seva hiyo inaweza kufanya kazi. Inajumlisha vipande vyake na kupata 548. Seva ya pili inajumlisha 350, 940 na 418, inapata 708. Ya tatu inajumlisha 79, 872 na 939, inapata 890. Namba hizo tatu zikiletwa mezani, 548 na 708 na 890 ni 2,146. Tupa maelfu: 146. Na 41 jumlisha 17 jumlisha 88 ni 146 kamili. Jibu limetoka, na hakuna hata seva moja iliyoona namba ya hospitali yoyote.

Mara ya kwanza nilipoifanya hesabu hii kwa kalamu na karatasi niliirudia papo hapo kwa namba nyingine, kwa sababu sikuamini. Nakushauri ufanye hivyo hivyo. Hakuna maelezo yanayoweza kuchukua nafasi ya kuiona ikitoka sawasawa chini ya mkono wako mwenyewe.

Adi Shamir alichapisha mwaka 1979 njia iliyo makini zaidi ya kugawa siri, ambayo unaweza kuamua kwamba, tuseme, vipande vitatu vyovyote kati ya vitano vinatosha kuirudisha, na viwili havisemi lolote. Mwaka 1982 Andrew Yao aliuliza ni vipi matajiri wawili wanaweza kujua nani ana mali nyingi bila yeyote kumtajia mwenzake anamiliki kiasi gani. Kufikia 1988 watafiti walikuwa wamethibitisha kwamba si kujumlisha peke yake: hesabu yoyote inayoweza kufanywa na kompyuta inaweza kufanywa juu ya vipande. Kuzidisha ndiko kunakogharimu. Kwenye kujumlisha kila seva inafanya kazi yake kimya. Kwenye kuzidisha lazima seva zizungumze, na kila mazungumzo ni safari ya kwenda na kurudi mtandaoni. Mwaka 1991 Donald Beaver alipata mbinu ya kuandaa mapema sehemu kubwa ya kazi hiyo, na mbinu yake bado inatumika. Hata hivyo programu yenye mizidisho mamilioni itakwenda polepole, na anayeahidi vinginevyo anauza maneno.

Na haya si mambo ya ubaoni tu. Januari 2008 wakulima wa viazisukari nchini Denmark, 1,200 hivi, walifanya mnada wa haki za kuzalisha kwa kutumia hesabu ya namna hii. Kampuni ya Danisco ilikuwa mnunuzi pekee wa viazi vyao, kwa hiyo mkulima ambaye bei yake ya chini kabisa ingejulikana na kampuni angekuwa amejifunga kamba mwenyewe. Zabuni ziligawanywa vipande miongoni mwa pande tatu: Danisco yenyewe, chama cha wakulima, na kikundi cha watafiti. Hesabu ilichukua nusu saa hivi, bei ya soko ikatoka, na haki za tani kama 25,000 zikabadilisha wenyewe. Hakukuwa na blokcheni. Waraka wa Bitcoin ungetoka miezi tisa baadaye.

Nadhani mfano huu unapaswa kusomwa na kila anayeandika pendekezo lenye neno blokcheni ndani yake, kwa sababu unaonyesha lini haihitajiki. Kule Denmark pande tatu zilijulikana kwa jina na anwani. Zilikuwa chini ya sheria moja na mahakama moja. Na zaidi ya yote, maslahi yao yalipingana: chama cha wakulima hakiwezi kukaa chini na mnunuzi kumpa vipande vya wakulima wake. Usalama wote ulisimama juu ya mgongano huo wa maslahi. Ukiwa na washirika wa aina hiyo, seva tatu na mkataba wa kawaida vinatosha, na kuongeza blokcheni ni kuongeza gharama na sehemu za kuharibika.

Shida inaanza pale seva zinapokuwa za watu usiowajua. Mtandao ulio wazi, yeyote anaingia, yeyote anatoka. Leo unapeleka vipande vyako kwa mashine tatu, lakini utajuaje kama zote tatu si za mtu mmoja aliyevaa majina matatu? Mashine moja ikiongopa na kutoa 549 badala ya 548, nani ataigundua? Ikiondoka katikati ya kazi, nani ataidai? Hapa hakuna hakimu, hakuna mkataba, hakuna anwani ya kupeleka barua.

Tazama hasa lile swali la kuondoka, maana ndilo lililoifungulia blokcheni mlango wa kuingia kwenye fani hii. Rudi kwenye seva zetu tatu. Mwisho wa kazi kila moja inatakiwa kutangaza jumla yake. Ya kwanza inatangaza 548. Ya pili inatangaza 708. Ya tatu imeshika 890 mkononi. Wakati huo huo tayari inajua jibu ni 146, na wenzake hawajui. Ikizima mashine na kwenda zake, yenyewe imepata, wengine wamekosa. Mtu atasema, basi zitangaze zote kwa wakati mmoja. Kwenye mtandao hakuna wakati mmoja. Daima kuna wa mwisho. Mwaka 1986 Richard Cleve alithibitisha kwamba pasipo wengi waaminifu, hakuna ujanja wa kihesabu unaoweza kuliondoa tatizo hili kabisa. Ukuta, si kizingiti.

Zikapita karibu miaka 30 kabla ya mtu kuuzunguka ukuta huo kwa njia ambayo si ya kihesabu. Mwaka 2014 Marcin Andrychowicz na wenzake wa Chuo Kikuu cha Warszawa walionyesha kwamba kama huwezi kumzuia mtu kuondoka, unaweza kumlipisha. Kabla ya kazi kuanza kila mshiriki anafungia dhamana kwenye Bitcoin, na masharti ya kuifungua yanaandikwa ndani ya malipo yenyewe: ukitangaza kipande chako kabla ya saa fulani, dhamana inarudi kwako, saa ikipita umenyamaza, inakwenda kwa wenzako. Hakuna wa kumbembeleza wala wa kumhonga. Seva ya tatu bado inaweza kukimbia na jibu la 146, lakini inaacha fedha nyuma, na wenzake wanafidiwa.

Kwangu mimi hapo ndipo penye moyo wa jambo hili. Blokcheni ilikuja kwenye hesabu ya siri kama shahidi asiyelala na mshika dhamana asiye na ndugu. Haikabidhiwi data wala haifanyi hesabu yenyewe. Inaandika nani aliahidi nini, lini, na kwa dhamana gani, basi. Uwazi wake, ule ule unaoifanya iwe mahali pabaya pa kuweka rekodi ya mgonjwa, ndio unaoifanya iwe mahali pazuri pa kuweka ahadi.

Mwaka uliofuata, 2015, Guy Zyskind, Oz Nathan na Alex Pentland, kundi lenye mizizi MIT, walitoa pendekezo lao la Enigma, na ndilo lililoipa fani hii umbo ambalo wengi wanalijua leo. Kazi zinagawanywa. Mtandao mmoja unashika vipande vya data na kufanya hesabu juu yake. Blokcheni inakaa pembeni ikishika orodha ya nani ana ruhusa ya kufanya nini, dhamana za nodi, na ushahidi wa kwamba hesabu ilifanyika sawasawa. Mwenye data anaweza kuruhusu hesabu fulani juu ya data yake bila kuikabidhi. Nilipolisoma pendekezo hilo niliona limegusa kitu cha kweli: kwamba kumpa mtu jibu na kumpa data ni mambo mawili tofauti, na kwamba kwa miaka yote ya intaneti tumelazimishwa kutoa la pili kila tulipotaka kutoa la kwanza.

Lakini kati ya waraka na mtandao unaofanya kazi kuna mwendo mrefu. Mwaka 2017 mradi ulikusanya dola milioni 45 hivi kwa kuuza tokeni, yaani sarafu zake za kidijitali, na Februari 2020 mdhibiti wa masoko ya mitaji wa Marekani, SEC, akauwajibisha kwa kuziuza bila kuzisajili. Mtandao wenyewe ulipokuja kuanza, mwaka huo huo, ukaja kuitwa Secret Network, na hesabu ya vipande haikuwa tena msingi wake. Mahali pake palichukuliwa na kitu chepesi na cha kasi zaidi: chipu za Intel zenye chumba kilichofungwa ndani yake, ambamo data inafunguliwa, inafanyiwa kazi, na kufungwa tena, bila hata mwenye mashine kuona. Naelewa kwa nini walifanya hivyo. Vipande vinahitaji mazungumzo mengi ya mtandaoni. Chipu inafanya kazi peke yake kwa kasi inayokaribia ya kawaida. Watu wanataka programu inayojibu sasa hivi.

Kilichotokea mwaka 2022 kinafaa kuelezwa polepole. Vyumba vile vya Intel vilikuwa vimeshatobolewa mara kadhaa na watafiti, likiwemo shambulio la Foreshadow la 2018. Mwaka 2022 yakatangazwa matundu mapya. Kundi la watafiti wa vyuo vikuu likachukua mashine ambayo ilikuwa bado haijazibwa, likaisajili kwenye Secret Network kama nodi ya kawaida, na likafanikiwa kuutoa ufunguo mkuu wa mtandao mzima. Waliwaarifu wenye mradi kabla ya kutangaza, na hatua zikachukuliwa. Lakini fikiria maana yake. Ufunguo huo ndio uliokuwa ukifungua kila muamala wa siri uliowahi kuandikwa kwenye mtandao ule tangu siku ya kwanza. Na miamala yenyewe, ikiwa imesimbwa, yaani imegeuzwa fumbo lisilosomeka bila ufunguo, ilikuwa imelala kwenye blokcheni, wazi kwa kila mtu kuinakili.

Benki ikigundua ufunguo wake umevuja, inaweza kubadilisha ufunguo na kuisimba upya data iliyo kwenye seva zake. Aliyechelewa kuinakili amekosa. Kwenye blokcheni hakuna aliyechelewa. Kilichosimbwa jana kimekaa pale pale kikisubiri, na kubadilisha ufunguo kunalinda ya kesho tu, hakulindi ya jana. Yaani ukiiweka siri kwenye daftari lisilofutika, hata ikiwa imesimbwa kwa ustadi, unaahidi kwamba ufunguo hautavuja na fumbo halitavunjwa kwa muda wote ambao siri hiyo itakuwa na maana. Kwa bei ya leo ya bidhaa, huo ni muda mfupi. Kwa ugonjwa wa kurithi, ni maisha ya mtu na ya watoto wake. Peter Shor alionyesha mwaka 1994 kwamba kompyuta za kwantumu zikikua vya kutosha zitavunja mafumbo ya aina ya RSA, njia ya kusimba iliyoenea sana, na ndugu zake wengi, na Agosti 2024 taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilitoa viwango vya kwanza vya mafumbo yaliyoundwa kuhimili kompyuta hizo. Mifumo mipya itahamia huko. Kilichokwisha kuandikwa hakihami.

Kwa hiyo msimamo wangu kwenye kikao kile ulikuwa, na bado ni, kwamba data ya mtu isikanyage kabisa kwenye blokcheni, imesimbwa au haijasimbwa. Mtu mmoja mezani akasema, sawa, tuweke heshi tu. Heshi ni ile namba ndefu inayotokana na data kupitishwa kwenye kanuni kama SHA-256. Ukibadilisha herufi moja, namba nzima inabadilika, na kutoka kwenye namba huwezi kurudi nyuma kwenye data. Ni kweli huwezi kurudi. Lakini unaweza kubahatisha kwenda mbele. Ukiweka heshi ya 41 peke yake, mimi nitatengeneza heshi za namba zote kuanzia 0 hadi 999, niitafute yako, na kazi itakuwa imeisha kabla hujapepesa macho. Namba za simu nazo si nyingi kiasi cha kuishinda kompyuta ya kawaida. Tarehe za kuzaliwa ndiyo kabisa. Heshi inakuwa kinga pale tu unapochanganya data na namba ndefu ya kubahatisha ambayo unaitunza pembeni. Hapo ndipo inapofaa kuandikwa kwenye blokcheni kama ahadi: seva inaahidi jumla yake kabla ya kuona za wengine, na siku ya kutangaza kila mtu anahakiki kwamba kilichotangazwa ndicho kilichoahidiwa.

Kuhusu seva inayoongopa, inayotoa 549, dawa ipo na ni nzuri. Mwaka 1985 Shafi Goldwasser, Silvio Micali na Charles Rackoff walielezea uthibitisho usiofichua: namna ya kumthibitishia mtu kwamba jambo ni kweli bila kumpa chochote zaidi ya ukweli huo. Sarafu ya Zcash, inayoruhusu malipo ya siri na iliyoanza Oktoba 2016, ndiyo iliyoutoa uthibitisho wa aina hii maabara na kuuingiza kwenye matumizi ya kila siku ya watu. Seva inaweza kuambatanisha na jumla yake uthibitisho mfupi kwamba imejumlisha vipande halisi ilivyopewa, na mkataba unaokaa kwenye blokcheni, yaani programu inayotekeleza masharti yenyewe, unaukagua kwa muda mfupi sana, kisha unairudishia dhamana au kuinyang'anya. Blokcheni inakagua kazi bila kuirudia na bila kuiona. Huu ni uzuri ambao sijauzoea hadi leo.

Ila uthibitisho nao unaweza kuwa na kasoro, na penye siri kasoro inajificha vizuri. Mwaka 2018 mhandisi wa Zcash aligundua kosa kwenye hesabu zake ambalo lingemwezesha mtu kutengeneza sarafu bandia bila ukomo. Lilizibwa kimyakimya mwaka huo huo na kutangazwa Februari 2019. Kwenye Bitcoin, sarafu bandia zingeonekana na kila anayejumlisha daftari. Kwenye sehemu ya siri ya Zcash, kujumlisha hivyo hakuwezekani, kwa sababu ndiyo maana ya siri. Anayetaka faragha lazima alipe gharama hii akijua anailipa.

Kuna tundu jingine ambalo hata hesabu iliyo kamilifu hailizibi, na wapenzi wa kriptografia, fani ya kusimba na kulinda siri, hulipita haraka kwa sababu halimo kwenye fani yao. Jibu lenyewe linasema kitu. Hospitali ya kwanza inajua ina 41. Ya pili inajua ina 17. Zikikaa pamoja na jibu la 146, zinatoa 58 na kuijua 88 ya mwenzao bila kuvunja fumbo lolote. Watatu ni wachache mno. Na hata wakiwa elfu, nikiruhusiwa kuuliza swali lile lile kabla na baada ya mtu mmoja kuingia, tofauti ya majibu ni yeye. Tangu 2006 Cynthia Dwork na wenzake wamejenga nadharia ya kuongeza kelele ndogo iliyopimwa, yaani kosa dogo la kubahatisha, kwenye majibu, ili kuwepo au kutokuwepo kwa mtu mmoja kusionekane. Inamaanisha pia kwamba maswali lazima yahesabiwe: kila jibu linakula sehemu ya faragha, na ikiisha imeisha. Hapa, tena, naona kazi halali ya blokcheni. Daftari la wazi la maswali yaliyokwisha kuulizwa, ambalo mwenye mamlaka hawezi kulikata kurasa, linamzuia hata mwenye mfumo kujiulizia maswali ya pembeni usiku. Ningependa kuona watu wengi zaidi wakijenga hilo kuliko wanaojenga tokeni mpya.

Gharama ya kasi sitaisemea sana. Bitcoin hubeba malipo kama saba kwa sekunde, na kwenye Ethereum, blokcheni nyingine kubwa, kila nodi inayohakiki hurudia kazi ile ile. Ukizitumia kama daftari la ahadi, hazina shida. Ukitaka zifanye hesabu yenyewe, umeshindwa kabla ya kuanza.

Linalobaki, na ndilo linaloninyima usingizi, ni njama. Kila nilichoeleza kinasimama juu ya sharti moja: kwamba wenye vipande hawatakutana gizani na kuviunganisha. Dhamana zinaadhibu kilichoonekana. Seva ikinyamaza, inaonekana. Ikiongopa, uthibitisho unakataa. Lakini seva tatu zikitumiana 612, 350 na 79 kwa ujumbe wa pembeni, blokcheni haitajua kamwe. Hakuna muamala, hakuna heshi, hakuna alama. Siri imekwenda, na daftari linasema kila mtu alitimiza ahadi yake.

Yapo yanayopunguza hatari. Moja ni kubadilisha vipande mara kwa mara, wazo lililochapishwa mwaka 1995 na Amir Herzberg na wenzake. Seva zinagawana vipande vya sifuri, tuseme 100, 250 na 650, na kila moja inaongeza chake. Sasa 612 imekuwa 712, 350 imekuwa 600, 79 imekuwa 729, na jumla bado ni 41. Mwizi aliyeiba kipande kimoja mwezi huu na kingine mwezi ujao ameshika vitu visivyounganika. Hii inamzuia mwizi wa polepole. Haimzuii mwenye seva aliyeamua leo kukaa na wenzake.

Jingine ni jipya na ndilo ninalolifuatilia kwa hamu kuliko yote. Mwaka 2021 Vipul Goyal, Yifan Song na Akshayaram Srinivasan walitoa mbinu ya kugawa siri ambayo ndani yake, seva ikiuza kipande chake, inaacha ushahidi unaoweza kutumika dhidi yake. Nauona ushahidi huo ukipelekwa mbele ya mkataba wa kwenye blokcheni, na seva ikapoteza dhamana yake. Kwa hiyo kila anayeifuata seva akitaka kununua anaweza kuwa mtego, na seva inalijua hilo. Hesabu ya muuzaji inabadilika: bei ya kipande lazima sasa izidi dhamana pamoja na hofu ya kila mteja. Bado kuna maswali. Dhamana iwe kubwa kiasi gani pale data ikiwa ya mamilioni ya watu? Na seva zikiunganisha vipande kwa hesabu ya siri ya kwao wenyewe, bila hata moja kumkabidhi mwenzake kipande, ushahidi utatoka wapi?